Nambari Moja, Magari Mawili

Naiomba serikali ya Kenya ifungue mafaili ya zamani ya usajili wa magari kwa watu wanaotafiti historia ya mbio za magari za Safari Rally. Naomba hivyo nikiwa Scarborough, mashariki mwa Toronto, ambako kazi yangu ni kunyoosha na kuchomelea bodi za magari ya zamani, na ambako kila kiangazi naletewa habari za gari "lililokimbia Safari". Mengine yalikimbia kweli. Mengine hayajawahi kuiona Nairobi. Lipo pia kundi la tatu, nalo ndilo linaloniuma zaidi: gari ambalo nambari yake ilikimbia Safari, lakini chuma chake hakikukimbia.

Mteja wangu mmoja ni mzaliwa wa Kampala. Familia yao ilifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, ikaja Kanada pamoja na maelfu ya Wahindi wengine wa Uganda. Alinitumia picha za Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, taa kubwa nne puani na ngao ya chuma mbele. "Fundi," akaniambia kwenye simu, "hii ni gari ya Mehta." Shekhar Mehta naye alikuwa kijana wa Uganda. Mwaka 1973 alishinda Safari akiwa na msoma ramani Lofty Drews ndani ya 240Z, na baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet. Mteja wangu aliondoka Kampala akiwa mtoto, na familia yake haikubeba karibu chochote. Nilielewa kwa nini sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Nilimwomba picha ya nambari iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva. Ilianza na HLS30. Kwa Datsun hizo, HS30 ni gari la usukani wa kulia; ile L iliyoingizwa katikati ni alama ya usukani wa kushoto, na magari ya namna hiyo yaliuzwa kwa wingi Marekani na Kanada. Gari la kwenye picha lilikuwa na usukani kulia. Kibao kidogo cha riveti ndani ya chumba cha injini kilikuwa na nambari nyingine kabisa, ya HS30. Muuzaji alipoulizwa alijibu kwamba bodi ilibadilishwa "zamani" kwa sababu ya kutu, na kwamba kibao ndicho gari lenyewe.

Mtu akinitajia kutu hapa Toronto, simcheki. Jiji hili humwaga chumvi barabarani majira yote ya baridi, theluji inayeyuka, maji ya chumvi yanapanda chini ya gari na kujificha kwenye kila mkunjo wa bati. Magari ya Kijapani ya miaka ya 1970 yalitengenezwa kwa bati jembamba. Nimefungua sakafu za 240Z nikakuta zulia ndilo lililokuwa likibeba miguu ya dereva. Kutu ikifika kwenye paneli iliyogongwa nambari, fundi hana njia: akate. Sheria ya jinai ya Kanada, kifungu cha 353.1, inasema ni kosa kuondoa, kubadili au kufuta nambari ya utambulisho wa gari bila sababu halali, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Lakini sheria hiyo hiyo inamwacha huru mtu anayefanya matengenezo ya kweli. Kwa hiyo mimi hupiga picha paneli kabla ya kuigusa, rula ikiwa kando ya nambari, kisha nakata, natunza kipande, narudisha kipande kile kile kwenye gari lile lile, na kuandika barua ya kazi niliyofanya. Mwenye gari anapewa nakala. Atakayelinunua baada ya miaka 20 ataona mshono wa kulehemu na ataona pia maelezo yake.

Aliyeifanyia kazi 240Z ile alianzia mahali pengine. Alikuwa na kibao. Kibao kilitoka wapi, kwenye mzoga uliooza shambani, kwenye sanduku la spea, au mikononi mwa mtu aliyekichonga mwaka jana, hakuna aliyeeleza. Kisha akatafuta bodi nzuri kutoka sehemu kavu za Marekani, akahamisha usukani, akapaka rangi, akapigilia kibao. Gari ni zuri. Kazi ya rangi ni ya mtu anayeijua. Bei iliyotajwa, hata hivyo, haikuwa ya bati na rangi. Ilikuwa bei ya jina la Mehta.

Nisieleweke vibaya. Silidai gari la mashindano libaki na kila boliti lililotoka nayo kiwandani. Gari la Safari lililomaliza mbio za kilomita elfu kadhaa, kuanzia pwani hadi Mlima Kenya, kupitia matope ya Pasaka, lilikuwa limebadilishwa viungo njiani huku saa ikihesabu. Shokamzoba, ekseli, gia, vioo, milango, wakati mwingine injini nzima baada ya mbio. Nililelewa katika gereji ya mjomba wangu Nakuru, na kazi yake kubwa ilikuwa kuyanyoosha magari ya washiriki wa nyumbani yaliyorudi yamejikunja. Hakuna aliyesema gari limekufa kwa sababu limewekwa mlango mpya.

Swali la gari kubaki lile lile baada ya kubadilishwa viungo lilifikishwa mbele ya jaji mjini London mwaka 1990, na uamuzi wake ndio ninaousimamia. Bentley Speed Six moja, maarufu kwa jina la Old Number One, ilishinda saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na 1930, mara zote mbili Woolf Barnato akiwa mmoja wa madereva wake. Mwaka 1932 gari hilo lilipata ajali kwenye uwanja wa Brooklands, dereva Clive Dunfee akafariki. Barnato akalijenga upya, likavalishwa bodi ya aina ya coupé. Miaka mingi baadaye mwenye gari, Edward Hubbard, akakubaliana na kampuni ya Middlebridge kuliuza kwa pauni milioni 10. Kisha mnunuzi akarudi nyuma, akidai kwamba chuma kilichoshinda Le Mans karibu chote kilikwisha kuondolewa na kwamba kilichobaki hakistahili jina hilo.

Jaji Otton alikubali kwamba ni machache sana yaliyobaki kutoka gari la 1929. Hata hivyo aliamua kwamba hiyo ndiyo Old Number One. Gari lile halikuwahi kutoweka kisha likaundwa upya kutoka hewani. Lilibadilika kipande kwa kipande, mikononi mwa watu wanaojulikana, kila hatua ikifuatana na iliyotangulia, na hapakuwapo gari jingine popote duniani lililoweza kudai jina hilo kwa haki zaidi. Mnunuzi akatakiwa kutimiza ahadi yake.

Hapo ndipo mpaka ulipo kwangu. Ukiweza kunionyesha mnyororo, nani alikuwa nalo, lini, nini kilibadilishwa na nani alikibadilisha, nitaliita gari la Safari hata kama bodi ni ya tatu. Mnyororo ukikatika, au magari mawili yakitokea na nambari moja, kibao hakinisaidii kitu. Na magari mawili yenye nambari moja ni jambo linalotokea kwa urahisi: mmoja ananunua mzoga uliotupwa wenye nambari yake, mwingine ananunua injini na karatasi, kila mmoja anajenga gari zima kuzunguka alichonacho, na baada ya miaka kadhaa yote mawili yanaingia sokoni yakidai ushindi mmoja.

Chanzo cha mkanganyiko huu mara nyingi hakikuwa wizi. Timu za mashindano zilihama nchi na nchi kwa hati za forodha za kuingiza gari kwa muda, na hati hizo zilitaja nambari ya chasisi na ya injini. Afisa wa mpakani aliangalia kibao na karatasi, vikilingana, pita. Gari lililoandikwa kwenye karatasi likiharibika kabla ya safari, ilikuwa rahisi zaidi kuhamisha kibao kuliko kuanza upya na forodha. Desturi hiyo ilijulikana vizuri katika mbio za Ulaya. Kwenye karakana ya Ford kule Boreham, Essex, zilikotoka Escort zilizoletwa Safari, na kwenye ile ya BMC kule Abingdon zilikotoka Mini, bodi mpya kupewa namba pleti ya gari lililochakaa ilikuwa kazi ya kawaida. Fundi wa timu hakuwa akimdanganya mnunuzi wa miaka 50 ijayo. Alitaka gari lianze mbio Alhamisi.

Ndiyo maana nasema nambari peke yake ni shahidi dhaifu kwa magari ya enzi ile. Nambari ya tarakimu na herufi 17 tunayoizoea leo, isiyotumia I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0, na ambayo huku Amerika Kaskazini nafasi yake ya tisa ni ya kukagua kama nyingine zimeandikwa sawasawa, ilianza na magari ya mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kiligonga kilivyotaka, mahali kilipotaka. Hakuna hesabu itakayokuambia kwamba nambari ya Datsun ya 1971 imebuniwa.

Hata viwanda vyenyewe vimewahi kuonyesha gari moja kama jingine. Porsche ilishinda Le Mans kwa mara ya kwanza mwaka 1970 kwa gari aina ya 917, nyekundu na nyeupe, likiwa na nambari 23 ubavuni. Chasisi yake ilikuwa 917-023. Kwa miaka mingi, gari ambalo kampuni ililipamba kwa rangi hizo na kulionyesha kwa umma lilikuwa 917-001, la kwanza kutengenezwa, ambalo halikushinda mbio hizo. Mwaka 2019 Porsche walilirudisha 917-001 katika sura yake ya mwanzo na kulieleza kwa jina lake. Nawapongeza kwa hilo. Kumbukumbu za kiwanda zilikuwepo, zikafunguliwa, ukweli ukakaa sawa.

Nani atafungua za kwetu?

Watu wengine huniambia haya ni mambo ya matajiri kuuziana vitu vyao. Wanaosema hivyo hawaishi Toronto. Hapa nambari za magari zimeliza watu wa kawaida, wengi wao wahamiaji. Mwezi Aprili 2024 polisi wa mkoa wa Ontario pamoja na maafisa wa mipakani walitangaza kwamba magari 598 yaliyoibwa yalikamatwa katika bandari ya Montreal, mengi yakiwa yametoka Ontario, tayari kusafirishwa ng'ambo. Hayo ni yaliyopakiwa kwenye makontena. Mengine hayaondoki. Mwizi anatafuta Lexus RX au Honda CR-V ya mwaka na rangi ile ile iliyosajiliwa kihalali mkoa mwingine, ananakili nambari yake kupitia kioo cha mbele, anatengeneza kibao na stika, anavibandika kwenye gari la wizi, kisha analisajili na kuliuza. Mnunuzi anapewa karatasi safi, kwa sababu karatasi zenyewe ni za gari jingine ambalo halina kosa.

Nimemwona mama mmoja, mhudumu wa wazee, akisimama kwenye uwanja wetu wa gereji wakati polisi wanalivuta gari alilolinunua kwa akiba yake. Gari la wizi hurudi kwa mwenyewe au kwa kampuni ya bima. Aliyelinunua kwa nia njema anabaki na deni. Muuzaji binafsi Ontario analazimika kumpa mnunuzi kabrasha la taarifa za gari kutoka serikalini, na yule mama alipewa. Kabrasha lilisema kweli tupu kuhusu nambari. Halikujua chochote kuhusu chuma kilichokuwa mbele yake.

Aliyeigiza Lexus ile na aliyepigilia kibao cha HS30 kwenye bodi ya HLS30 wamefanya tendo moja: wamechukua utambulisho wa gari moja na kulivisha jingine ili lipande bei. Mmoja akikamatwa huitwa mhalifu. Mwingine huandikiwa makala kwenye majarida ya kung'aa. Mimi siioni sababu ya kuwahukumu kwa mizani miwili, na ninaomba wenzangu katika kazi hii waache kumwonea haya mteja tajiri. Ukiombwa kugonga nambari ya gari usilolijua kwenye bati usilolijua, kataa. Funga sanduku la nambari, mwambie akaitafute gereji nyingine.

Wanunuzi nao hujipa moyo kwa vitu visivyothibitisha walichotaka. Wengi wananionyesha pasipoti ya kiufundi ya magari ya kihistoria inayotolewa chini ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Hati hiyo inathibitisha kwamba gari limejengwa kulingana na vipimo vya enzi yake, ili liruhusiwe kushindana. Haidai kuthibitisha lilikimbia wapi na nani alikuwa ndani. Nakala mpya iliyojengwa kwa uangalifu inaweza kuipata. Ontario nayo hutoa namba pleti ya gari la kihistoria kwa gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi ambalo halijabadilishwa sana kutoka lilivyotoka kiwandani. Hilo nalo ni jambo la umri na umbo. Na kwa kuwa Kanada inaruhusu gari lililotimiza miaka 15 kuingizwa bila kutimiza masharti yake ya usalama wa magari mapya, magari ya zamani kutoka Japani, Uingereza na Afrika yanaingia hapa kwa urahisi kuliko Marekani, ambako kikomo ni miaka 25. Toronto imekuwa mlango. Kinachopita mlangoni tunapaswa kukijua.

Basi gari lenyewe likikosa karatasi, linaweza kusema nini? Mengi, kama utaliinamia. Bodi iliyotayarishwa kwa Safari ilipita mikono ambayo gari la dukani halikupita. Mishono ya bati iliongezewa kulehemu, si vidoti vya kiwandani peke yake. Vituo vya shokamzoba viliimarishwa kwa vipande vya pembetatu. Chini kulikuwa na mabamba ya kukinga injini, na nyayo za boliti zake hubaki hata mabamba yakiondolewa. Nyuma kulikuwa na vishikio vya tairi ya pili ya akiba. Baadhi ya magari yaliwekwa vidaraja kwenye bampa na mishikio juu ya buti, ili msoma ramani asimame pale nje na kurukaruka gari linapokwama tope, uzito wake uyape magurudumu ya nyuma nguvu ya kushika. Kwenye dashibodi utatafuta mashimo ya Halda, kile kifaa cha Kiswidi cha kupimia umbali, na njia ya waya ya taa ndogo ya kusomea ramani. Mashimo hayo mara nyingi yalizibwa baadaye kwa bati na pati, lakini ukipiga msasa hadi chuma yanajitokeza yenyewe.

Mjomba alinifundisha kuangalia makosa. Fundi wa kiwanda na fundi wa njiani hawalehemu sawa. Bamba lililowekwa usiku wa manane kando ya barabara ya Eldoret, kwa mashine ya kuazima, huwa na mshono mnene upande mmoja na mwembamba upande ambao mkono haukufika. Picha ya gazeti ikionyesha ubavu wa kushoto ulioumia, na bodi iliyo mbele yako ikawa haijawahi kunyooshwa upande huo, una jibu lako. Vumbi jekundu ndani ya mbavu za gari silihesabu hata kidogo. Wauzaji wamekwisha kujua kwamba tunalitafuta.

Hapa ndipo Kenya inapoingia, pamoja na Uganda na Tanzania, kwa sababu kuanzia 1953, mbio zilipoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia ilipita nchi zote tatu. Gari likiigizwa Ulaya, ushahidi wa kulikanusha upo Afrika Mashariki. Upo kwenye vitabu vya usajili vya zamani, vya kabla ya mfululizo wa namba pleti za KAA kuanza mwaka 1989, ambavyo viliandika nambari ya chasisi na ya injini ya kila gari lililopewa namba pleti ya Kenya. Upo kwenye fomu za forodha za Mombasa. Upo kwenye orodha za washiriki na ripoti za ukaguzi wa magari kabla ya mbio, na kwenye maelfu ya picha zilizopigwa na wapiga picha wa magazeti ya Nairobi. Madereva wengi wa nyumbani walinunua magari yaliyotumika na timu za kiwanda na kuyatumia tena. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuitumia mwaka uliotangulia. Gari la namna hiyo lina maisha mawili, na nusu ya mnyororo wake imeandikwa Nairobi.

Ninachoomba kinawezekana. Mamlaka ya usajili, NTSA, pamoja na hifadhi ya taifa ya nyaraka pale Moi Avenue, wayachambue mafaili ya magari yaliyosajiliwa kabla ya 1989 ambayo yametajwa kwenye orodha za washiriki wa Safari. Majina na anwani za wenye magari yafichwe, kama sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inavyotaka. Yatolewe mambo ya chuma tu: nambari ya chasisi, nambari ya injini, rangi, tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kufutwa au kusafirishwa nje. Wanunuzi wa magari haya wana fedha. Watozwe ada kwa kila ombi, na ada hiyo ilipe kazi ya kuyahifadhi mafaili yasiliwe na mchwa. Na wakati hayo yakifanyika, mtu akae na mafundi wa zamani awarekodi. Kati ya washindi wa Safari, Joginder alifariki mwaka 2013, Mehta 2006, Björn Waldegård 2014, Hannu Mikkola 2021. Hao majina yao yameandikwa kwenye vikombe. Waliowalehemea magari usiku, Nakuru, Kisumu, Mbale, Arusha, hawakuandikwa popote, nao wanaondoka pia. Baadhi yao wangeitambua kazi ya mkono wao kwa kuigusa.

Najua watakaosema kwamba serikali ina shida kubwa kuliko vibao vya magari. Ni kweli. Lakini Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, fedha za umma zilitumika kuirudisha, na tuliambiwa kwamba mbio hizi ni urithi wetu. Kama ni urithi, basi kumbukumbu zake ni sehemu ya urithi huo, na ni aibu kwamba leo mtu wa Essex au California ndiye anayeamua gari lipi lilishinda Nairobi, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kibao na sisi tumefungia vitabu.

Mwezi Juni kila mwaka magari ya kale hukusanyika Mosport, uwanja ulio karibu na Bowmanville, mashariki mwa Toronto, palipofanyika Grand Prix ya kwanza ya Kanada ya Formula One mwaka 1967. Chama cha mbio za magari ya kale, VARAC, huendesha mbio zake pale. Nakwenda na kurunzi na kioo cha mkononi, na kuna wenye magari wanaoniruhusu kulala chini na kuangalia. Wako wanaoandika wazi kwenye ubao kando ya gari: hii ni nakala, imejengwa mwaka fulani, kwa bodi ya gari fulani. Magari yao yanashangiliwa kama mengine, na hakuna anayepungukiwa. Mtu anayependa sura ya Escort iliyompa Mikkola ushindi mwaka 1972 ana haki ya kujijengea, kuipaka rangi na kuifurahia maisha yake yote, ilimradi asiipe nambari ya gari la mwenzake.

Yule mteja wangu nilimshauri ailipie ile Datsun bei ya Datsun, au aiache. Muuzaji alikataa kushuka, naye akaiacha, kwa uchungu. Bado anatafuta. Kwa wote wanaotafuta kama yeye, hapa Toronto, London, Muscat au Nairobi, maswali ya kumwuliza muuzaji ni haya. Lilikimbia mwaka gani, na lilikuwa na nambari gani mlangoni? Liliingia Kenya kwa hati ipi ya forodha, na lilitoka kwa ipi? Nambari iliyogongwa kwenye bati na ile ya kwenye kibao zinalingana, na kama hazilingani, nani alikata, lini, na kipande kilichokatwa kiko wapi? Je, kuna gari jingine popote linalodai nambari hii? Mwambie akujibu kwa maandishi na aweke sahihi yake. Asipokuwa tayari kutia sahihi, rudisha funguo.